Kutoka C Kwenda F: Mazoezi ya Gitaa kwa Mwendo wa Pole

Kila aliyejifunza gitaa anapafahamu mahali hapa. Kodi ya C (kodi ni noti kadhaa zinazoshikwa pamoja) inalia vizuri, mkono wa kulia unatembea, wimbo unaanza kusikika kama wimbo, halafu inafika kodi ya F. Mkono wa kushoto unanyanyuka mzima mzima, vidole vinahangaika hewani, mdundo unasimama kuvisubiri, na F yenyewe ikishapatikana inatoa sauti ya uzi uliokufa. Basi unarudi mwanzo wa wimbo. C nzuri, F mbaya. Unarudi tena.

Mimi nilikaa hapo miezi mitatu. Kila jioni saa nzima, wakati mwingine mbili, na nilikuwa nimeshaamini kwamba vidole vyangu ni vifupi. Mzee aliyekuja kunifundisha hakuzungumzia vidole. Aliitikia shikamoo yangu, akaketi, akanisikiliza nikipita pale mara tatu, kisha akaweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha. "Mwanangu," akasema, "hii F umeifanyia mazoezi sana. Umejifunza kuikosea, na umejua kweli."

Maneno yale yalinichoma kwa sababu yalikuwa ya haki. Mkono hautambui kosa wala usahihi. Unashika kile ulichoufanyisha mara nyingi. Mtu akipita kwenye kosa mara thelathini jioni moja, halafu akapatia mara moja na kuweka gitaa chini kwa furaha, mkono wake umelala na masomo thelathini ya kukosea na moja la kupatia. Mazoezi ya pole yanaigeuza hesabu hiyo. Unashusha mwendo mpaka kosa likose mahali pa kuingilia, unarudia kilicho sahihi mara nyingi, kisha unaupandisha mwendo kidogo kidogo bila kuuacha usahihi nyuma.

Mwongozo huu nauandika kwa gitaa kavu, lisilo la umeme, linalopigwa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na shahada. Ndio mtindo aliokuwa akiupiga Mwenda wa Bayeke, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Jean Bosco. Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, katika eneo la Katanga, kusini mwa Kongo. Aliimba kwa Kiswahili, na gitaa lake moja lilisikika kama magitaa mawili: gumba likishika besi, shahada ikiimba juu. Nimeuchagua mtindo huu kwa sababu hauna pa kujificha. Gumba likichelewa kidogo tu, kila mtu anasikia. Anayejifunza kinanda, udi au gitaa la umeme atazitumia hatua hizi hizi, abadilishe majina ya vidole tu.

Kata kipande

Usifanye mazoezi ya wimbo mzima. Wimbo wako una sehemu unazoziweza tayari, na ukizirudia unajifurahisha tu. Tafuta pale unapojikwaa, uweke alama, kisha chukua baa moja (kwetu hapa ni kundi la mapigo manne) ya kabla yake na baa yenyewe. Baa mbili zinatosha. Hata moja na nusu inatosha.

Kwa mwongozo huu kipande chetu ni baa moja ya C na baa moja ya F, mapigo manne kila moja. Uzi wa 1 ni ule mwembamba ulio karibu na magoti, uzi wa 6 ni ule mnene ulio karibu na kidevu. Freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa, zinahesabiwa kutoka kichwani.

Kwenye C, mkono wa kushoto: kidole cha pete kipo uzi wa 5 freti ya 3, cha kati uzi wa 4 freti ya 2, cha shahada uzi wa 2 freti ya 1.

Kwenye F ndogo, isiyo na uzi wa 5 wala wa 6: kidole cha pete uzi wa 4 freti ya 3, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, na shahada imelala freti ya 1 ikikanyaga uzi wa 2 na wa 1 kwa pamoja.

Mkono wa kulia unahesabu "moja na mbili na tatu na nne na". Gumba linapiga kwenye namba, shahada inapiga kwenye "na". Baa ya C inakwenda hivi:

moja: gumba, uzi wa 5
na: shahada, uzi wa 2
mbili: gumba, uzi wa 4
na: shahada, uzi wa 1
tatu: gumba, uzi wa 5
na: shahada, uzi wa 2
nne: gumba, uzi wa 4
na: shahada, uzi wa 1

Baa ya F ni mpangilio ule ule, ila gumba linapokezana kati ya uzi wa 4 na wa 3. Shahada haibadilishi kitu.

Tayarisha gitaa na mahali

Tyuni kila unapoanza, yaani kaza au legeza nyuzi mpaka kila mmoja utoe sauti yake, hata kama ulityuni asubuhi. Gitaa lililopotoka linalifundisha sikio uongo, na kwenye mwendo wa pole uongo huo unakaa sikioni muda mrefu zaidi. Keti kwenye kiti kisicho na mikono, miguu yote ifike chini. Metronomu, yaani kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, pakua kwenye simu, zipo za bure nyingi. Siku simu haina chaji, saa ya ukutani inayogonga sekunde inakupa mapigo 60 kwa dakika bila kupoteza.

Mkono wa kushoto kwanza, kimya

Weka mkono wa kulia pajani na uuache hapo. Shika C. Sasa badilisha kwenda F polepole kiasi cha mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga, na uangalie vidole, usiangalie kingine.

Ukiangalia vizuri utaona jambo ambalo mimi sikuliona kwa miezi mitatu. Kidole cha pete kipo freti ya 3 kwenye C, na kipo freti ya 3 kwenye F. Kinashuka uzi mmoja tu, kutoka wa 5 kwenda wa 4. Kidole cha kati kipo freti ya 2 kwenye C na freti ya 2 kwenye F. Nacho kinashuka uzi mmoja, kutoka wa 4 kwenda wa 3. Na shahada haiendi popote! Ipo uzi wa 2 freti ya 1, inabaki pale pale, inalala kidogo kwa ubavu ili ikanyage na uzi wa 1.

Yaani vidole viwili vinasogea upana wa uzi mmoja, cha tatu kinajilaza. Mkono uliokuwa ukinyanyuka mzima na kuruka sentimita tano hewani ulikuwa ukifanya safari ambayo haikuwepo. Kwa kasi huwezi kuligundua hilo, kwa sababu macho na akili havina muda. Ndiyo faida ya kwanza ya mwendo wa pole: unakuonyesha kazi halisi ilivyo ndogo.

Badilisha C kwenda F na kurudi mara kumi, kimya, ukihakikisha kidole hakinyanyuki zaidi ya unene wa sarafu mbili juu ya uzi. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Mtu akiambiwa apige pole, analegeza kila kitu: vidole vinaelea juu, vinapanda na kushuka kama vinaogelea. Hayo ni mazoezi ya mwendo mwingine kabisa. Ukipandisha kasi baadaye hutaweza kuelea namna hiyo, itabidi ujifunze upya. Mwendo wa pole unatakiwa uwe na umbo lile lile la mwendo wa kasi: hatua fupi, kidole karibu na uzi, kinachobadilika ni muda wa kusubiri kati ya tendo na tendo. Kidole kinasogea mara moja, kwa usafi, kisha kinatulia na kungoja pigo lake.

Pima nguvu ya kukandamiza

Hili ni jaribio la dakika moja, na limewaokoa watu wengi maumivu. Weka kidole cha kati uzi wa 4 freti ya 2 bila kukandamiza, kama unapapasa tu. Piga uzi kwa gumba: unasikia "tup", sauti iliyokufa. Endelea kupiga huku ukiongeza nguvu taratibu sana. Kwanza itakuja sauti ya kukwaruza, kama nzi kwenye karatasi. Ongeza kidogo, na ghafla noti inafunguka na kulia safi. Simama hapo hapo. Hiyo ndiyo nguvu inayohitajika, na yote uliyokuwa ukiitumia juu ya hapo ilikuwa inakuchosha bure.

Angalia pia kidole kipo wapi ndani ya freti. Kikikaa nyuma tu ya kile chuma, upande wa kichwa cha gitaa, nguvu ndogo inatosha. Kikirudi nyuma mbali na chuma, utakandamiza mpaka ncha ya kidole iwe nyeupe na uzi bado utakwaruza.

Mkono wa kulia peke yake

Sasa mkono wa kushoto upumzike. Piga mpangilio wa C kwenye nyuzi tupu, ukihesabu kwa sauti ya kusikika. Usihesabu moyoni. Mtu anayehesabu moyoni anaiacha hesabu imsubiri anapokwama, bila kujua. Ukihesabu kwa mdomo, sauti yako ikikatika unajisikia mwenyewe.

Sikiliza "na". Kwa mwendo wa pole "na" huwa inateleza: inakwenda karibu sana na namba inayofuata, au inawahi. Ikae katikati kabisa. Ukiona katikati hupapati, weka metronomu igonge mara mbili zaidi, yaani kama unataka mapigo 45 iweke 90, mlio mmoja uwe wa namba na mlio mwingine uwe wa "na". Kwa mapigo ya pole sana ni vigumu kuushika muda kwa hisia peke yake, nafasi kati ya milio inakuwa ndefu mno. Kugawa pigo si udhaifu.

Wimbo wako ukiwa wa mwendo wa sita, ule unaoyumba kama ngoma nyingi za kwetu, hesabu "moja mbili tatu nne tano sita" na utie mkazo kwenye moja na nne. Mwendo wa pole una tabia ya kuua mtikisiko wa wimbo. Ukiona unapiga noti sita zilizo sawasawa kama matone ya bomba, umepoteza wimbo. Rudisha mkazo.

Unganisha mikono, na uione F ikiingia kwa zamu

Weka metronomu 50. Kwa kasi hiyo baa moja inachukua karibu sekunde tano, na sekunde tano ni muda mrefu sana kwa mtu anayefikiri.

Namna ya kujua kama 50 inakufaa: kabla hujapiga kila noti, je, unajua noti inayofuata ni kidole gani na uzi gani? Ukiweza kuitaja kabla mkono haujasogea, kasi ni sahihi. Ukiona mkono unatangulia na akili inafuata nyuma ikishangaa, shuka hadi 44, au 40. Hakuna aibu hapo. Kasi ya kuanzia inaamuliwa na akili yako siku hiyo, na siku uliyochoka itakuwa chini kuliko ya jana.

Sasa piga baa ya C, na ukifika mwisho wake ujiulize swali moja: ninahitaji kitu gani cha F, na ninakihitaji lini?

Fuatilia nami. Baada ya kupiga "tatu", gumba halirudi tena uzi wa 5. Kwa hiyo kidole cha pete kimemaliza kazi yake ya C. Besi iache ilie mpaka inapofika "nne", kisha kidole kinaweza kuachia na kusubiri juu ya uzi wa 4. Ila kisitue bado, kwa sababu "nne" yenyewe inapigwa uzi wa 4 na kidole cha kati bado kinaushikilia. "Nne" ikishalia, kidole cha kati nacho kiko huru. "Na" ya mwisho inapigwa uzi wa 1 ukiwa mtupu, kwa hiyo shahada ya kushoto isilale mapema, itaiharibu noti hiyo.

Inakuja "moja" ya F. Gumba linapiga uzi wa 4. Kinachohitajika hapo ni kidole cha pete peke yake. "Na" inapigwa uzi wa 2, na shahada ya kushoto ipo pale tangu zamani, haijaondoka. "Mbili" gumba linapiga uzi wa 3: hapo ndipo kidole cha kati kinatakiwa kiwe kimetua. "Na" ya pili inapigwa uzi wa 1, na hapo tu ndipo shahada inatakiwa iwe imelala.

Umeona? F haihitaji kufika yote kwa mara moja. Inaingia kwa zamu: pete, kati, kisha shahada inajilaza. Tangu "moja" mpaka shahada ilazimike kukanyaga nyuzi mbili kuna pigo zima na nusu. Mimi nilikuwa nikipigana kuitua kodi nzima kwenye "moja", na mdundo ulikuwa ukinisubiri kwa ajili ya vidole ambavyo hakuna aliyekuwa anavihitaji bado. Siku mzee aliponionyesha hili nilikaa kimya muda mrefu, gitaa mapajani.

Mpangilio wa wimbo wako utakuwa tofauti, kwa hiyo zamu zake zitakuwa tofauti. Kazi ni ile ile: noti kwa noti, uliza kidole kipi kimemaliza na kipi kinasubiriwa. Andika kwenye karatasi kama kichwa kinajaa. Baadaye, vidole vikishazoea, utavitua vyote kwa pamoja bila kufikiri, na F itakuwa kodi moja. Zamu ni njia ya kufika huko.

Njiti tano

Namna ya kurudia niliipata kwa mzee yule. Alichukua njiti tano za kiberiti akazipanga upande wa kulia wa meza. Nikipita baa mbili bila kosa, njiti moja inahamia kushoto. Nikikosea, zote zilizohamia zinarudi kulia, naanza upya. Mpaka tano zimehamia mfululizo, kasi haipandi.

Kosa ni nini? Noti iliyokwaruza ni kosa. Kusita ni kosa, hata kama noti zote zimelia. Bega lililopanda kuelekea sikioni ni kosa pia, maana litapanda jukwaani. Jihukumu kwa haki lakini usijihurumie.

Ukiona njiti zinarudi kulia mara ya tatu, usiendelee kung'ang'ana. Kasi ni kubwa mno au kipande ni kirefu mno. Shusha mapigo sita, au kata kipande kibaki kuanzia "tatu" ya C hadi "mbili" ya F. Hasira ikianza, vidole vinakaza, na vidole vilivyokaza havijifunzi kitu kizuri.

Kupandisha mapigo

Njiti tano zimehamia kwa mapigo 50? Nenda 54. Kisha 58. Hatua za nne nne mkono hauzisikii sana. Ukitaka kufika 110 kutoka 50 unahitaji hatua kumi na tano, na si lazima zote ziwe wiki moja.

Kila ukipanda hatua mbili, shuka moja na upige mara moja kabla ya kuendelea. 50, 54, 58, rudi 54, kisha 58, 62. Ukirudi chini utasikia nafasi imepanuka, na mwili unajua kwamba mahali hapa ni pake.

Kesho usianzie ulipoishia jana. Kama jana ulifika 70, leo anzia 58 au 60. Mara nyingi utapita pale pa jana kwa njiti tano za kwanza na kuendelea.

Kuna kasi moja ambayo mkono utagoma. Kwa wengi huwa ni pale mwendo unapobadilika kutoka kufikiri noti moja moja kwenda kufikiri kundi. Ukigota hapo siku mbili tatu, geuza mdundo. Zipige noti zile zile nane, lakini ya kwanza ndefu na ya pili fupi: taaa-ta, taaa-ta. Zikikaa, geuza: ta-taaa, ta-taaa. Kwa njia hiyo kila hatua kati ya noti na noti inapata zamu ya kufanywa haraka, huku inayofuata ikikupa pumziko. Rudi kwenye mdundo wa kawaida na ujaribu tena kasi ile iliyokugomea.

Njia nyingine ni kusimama mlangoni. Piga C mpaka "na" ya mwisho, hamisha kidole cha pete kikae mahali pake pa F, kisha simama. Usipige. Hakikisha kimekaa, nguvu ni ndogo, bega limeshuka. Ndipo upige "moja". Baada ya mara tano au sita ondoa kusimama.

Wimbo mrefu anzia mwishoni

Ukiwa na vipande kadhaa vilivyokaa, kishawishi ni kuviunga kuanzia mwanzo. Fanya kinyume. Chukua baa mbili za mwisho mpaka ziwe tamu, kisha ongeza mbili za kabla yake na upige mpaka mwisho, kisha mbili nyingine. Kila unapopiga unatoka mahali usipopajua sana kwenda mahali unapopajua vizuri. Mpigaji aliyejifunza kutoka mwanzo huanza kwa kujiamini na kuishia kwa kutetemeka, maana mwisho wa wimbo ameupiga mara chache kuliko mwanzo wake.

Na kila unapounga vipande viwili, kiungo chenyewe kihesabu kama kipande. Noti ya mwisho ya hiki na noti ya kwanza ya kile, peke yake, kwa njiti tano.

Kuusikiliza wimbo kwa mwendo wa pole

Kama unanakili kutoka kwenye rekodi, tumia simu. YouTube ina mahali pa kubadilisha kasi ya kucheza, kwenye ile alama ya gurudumu lenye meno: weka 0.75, na pakiwa pagumu 0.5. Sauti haishuki, mwendo tu ndio unaopungua. Kipande cha sekunde kumi kirudie mara nyingi kabla hujagusa gitaa, mpaka uweze kukiimba. Usichoweza kukiimba vidole havitakipata.

Jihadhari na jambo moja kwenye muziki wa dansi wa Kongo na wa kwetu. Ukisikia gitaa linalomwagika noti nyingi ajabu, mara nyingi si moja. Kuna solo linaloongoza, kuna ridhimu linaloshika mdundo, na katika bendi nyingi za Kongo kuna gitaa la katikati linaloitwa mi-solo. Magitaa hayo yanajibizana, noti za hili zinaingia kwenye mapengo ya lile. Nimewaona vijana wakihangaika wiki nzima kupiga kwa gitaa moja kitu kilichopigwa na watu wawili. Ukishusha kasi hadi nusu utayasikia yakiachana: moja liko juu kidogo, au upande mmoja wa hedifoni. Chagua moja, lifuate hilo.

Muda, mwili na usingizi

Mazoezi ya pole yanachosha akili kuliko vidole. Dakika 20 za namna hii zinatosha kwa kikao kimoja. Ukiwa na saa moja kwa siku, igawe mara tatu, asubuhi, mchana na usiku, utafaidi kuliko kuikalia yote kwa mkupuo. Usiku unapolala mkono unaendelea kuyapanga uliyoupa. Utashangaa asubuhi kukuta F iliyogoma jana imelainika.

Ncha za vidole kuuma wiki za kwanza ni kawaida, hasa kwa nyuzi za chuma, na ngozi ikikomaa kunaisha. Maumivu ya kifundo cha mkono, ya kiwiko, au ganzi vidoleni ni jambo jingine. Hapo weka gitaa chini siku hiyo, na yakiendelea mwone mtaalamu wa afya. Usipige juu ya maumivu ya namna hiyo kwa kujikaza.

Mara moja kwa wiki jirekodi kwa simu ukipiga kipande chako kwa kasi uliyofikia. Sikiliza kesho yake, usisikilize palepale. Palepale unasikia ulichokusudia, kesho utasikia ulichopiga.

Na kila unapomaliza kikao, baada ya kufurahia kasi ya juu uliyoifikia siku hiyo, rudisha metronomu kwenye 50. Piga C kwenda F mara tatu, kwa zamu zake zote: pete, kati, shahada ilale. Ikilia safi mara tatu, zima metronomu, pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu ili jasho lisizile, na ulitundike gitaa.